Habari za Mtoto wa Jicho na Lenzi ya Kutengenezwa

Katika kitabu hiki cha yubilei wenzetu wameandika habari za makanisa yaliyojengwa, za shule za kwanza, na za mapadre na masista waliozikwa katika nchi yetu. Sisi tuliombwa kuandika habari za ugonjwa mmoja wa macho na dawa yake. Huenda msomaji akauliza, Mambo haya yahusu nini na yubilei? Twamjibu hivi: kwa sheria ya Musa mwaka wa yubilei ulikuwa mwaka wa kuwafungua watu waliofungwa, na Bwana wetu aliposimama katika sinagogi ya Nazareti kuutangaza mwaka wa neema, aliwataja vipofu pamoja na wafungwa. Nao katika vigango vyetu wako wazee wakaao gizani penye jua la mchana, wala si kwa kuwa hakuna dawa, bali kwa kuwa wanaogopa, au kwa kuwa walishika maneno yaliyokuwa kweli zamani na sasa si kweli tena. Hofu yao haikutoka hewani. Ina asili yake, na asili hiyo ni habari ndefu, nayo ndiyo tutakayoisimulia.

Kwanza yatupasa kujua jicho lilivyo. Nyuma ya mboni, yaani kile kitundu cheusi kilicho katikati ya jicho, mna kitu kidogo kiangavu chenye umbo la punje ya adesi. Watu wa Ulaya walikiita lenzi, na neno hilo kwa Kilatini ndilo jina la adesi yenyewe, ile tunayoipikia mchuzi. Lenzi hiyo imefungwa ndani ya mfuko mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, nao mfuko umeshikwa na nyuzi ndogo pande zote, kama ngozi ya ngoma iliyowambwa. Kazi yake ni kuikusanya nuru na kuielekeza nyuma ya jicho, palipo na utando upokeao sura za vitu na kuzipeleka katika ubongo. Miaka ikipita lenzi hugeuka: huanza kuwa ya manjano, halafu ya kahawia, au nyeupe kama maziwa, hata nuru isipite. Huo ndio ugonjwa uitwao mtoto wa jicho. Hauambukizi. Wengi hupatwa nao kwa uzee, wengine kwa kupigwa jicho, wengine kwa ugonjwa wa kisukari, na wako watoto wazaliwao nao. Katika ulimwengu wote ndio sababu kubwa kuliko zote ya watu kupofuka.

Hapa walimu waangalie wasichanganye mambo mawili. Chamba ni kovu au utando ulio juu ya kioo cha mbele cha jicho, mahali ambapo kidole chaweza kugusa. Mtoto wa jicho yumo ndani, nyuma ya mboni. Mzee Tobiti, tumsomaye katika Maandiko, alipatwa na utando mweupe baada ya mavi ya ndege kumwangukia machoni, na mwanawe Tobia akamponya kwa nyongo ya samaki kama malaika Rafaeli alivyomwagiza. Hiyo yafanana zaidi na habari ya chamba. Twataja jambo hili kwa sababu hata leo wako watu wanaotia machoni nyongo, maziwa, maji ya majani na vitu vingine, wakitumaini kumwondoa mtoto wa jicho. Hakuna dawa ya kutia iwezayo kumfikia mahali alipo. Nao wengi kwa kutia dawa hizo wamejiletea vidonda na chamba juu ya ugonjwa wa kwanza.

Watu wa kale walijua kwamba ugonjwa umo ndani, wakatafuta njia ya kuufikia. Katika Bara Hindi vitabu vilivyoandikwa kwa jina la Sushruta vyaeleza jinsi ya kutoboa jicho kwa chombo chembamba na kuisukuma ile lenzi iliyoharibika, hata itoke mbele ya mboni na kuzama chini ndani ya jicho. Ufundi huu ulienea nchi nyingi, Uajemi, Arabuni, Ulaya na Afrika ya Magharibi. Waarabu walidhani kwamba ugonjwa ni maji mabaya yashukayo nyuma ya mboni, na mtawa mmoja wa Mtakatifu Benedikto, Konstantino Mwafrika, mzaliwa wa Afrika ya Kaskazini aliyeishi katika monasteri ya Monte Cassino katika karne ya 11, alipofasiri vitabu vyao kwa Kilatini aliyaita maji hayo kwa jina la maporomoko. Jina hilo ndilo walilo nalo Wazungu kwa ugonjwa huu hata leo. Karibu na mwaka 1000 aliishi Misri tabibu mmoja, Ammar bin Ali wa Mosul, aliyebuni sindano yenye tundu ndani yake, ili kuyafyonza yale yaliyo laini badala ya kuyasukuma tu.

Sindano ile ilikuwa na udanganyifu wake. Mgonjwa aliyekuwa kipofu asubuhi aliona nuru mara ile ile, watu wakashangilia, mganga akapokea ujira wake akaenda zake mji mwingine. Lakini lenzi iliyozamishwa imebaki ndani ya jicho, na sindano haikusafishwa kwa moto wala kwa dawa. Baada ya siku chache au miezi michache jicho lilivimba, likauma, na wengi wakapofuka kabisa. Mwingereza mmoja, John Taylor, alizunguka Ulaya kwa kazi hii, akijisifu sana. Mwaka 1750 alimpasua macho Johann Sebastian Bach, mtunzi mkubwa wa nyimbo za kanisa, katika mji wa Leipzig. Bach hakuona tena vema, akafa mwezi wa Julai mwaka ule ule. Handel, ambaye Haleluya yake huimbwa na kwaya zetu siku ya Pasaka, naye alikuwa amekwisha kupofuka alipopita mikononi mwa Taylor mwaka 1758, wala hakupata nafuu. Basi mzee wa kwetu asemaye kwamba ndugu yake alichomwa sindano jichoni, akaona, kisha akafa macho, asichekwe. Yaliyompata ndugu yake yaliwapata na wakubwa wa Ulaya.

Mabadiliko ya kwanza yalitoka Ufaransa. Mwaka 1747 tabibu Jacques Daviel alipokuwa akijaribu kuisukuma lenzi kwa sindano na kushindwa, alikata mlango chini ya kioo cha mbele cha jicho, akaitoa lenzi nje. Tangu hapo matabibu waliokuwa hodari wakaanza kuacha kuzamisha, wakawa wanatoa. Walakini tufikiri ilikuwaje: hapakuwa na dawa ya ganzi. Mtu alikazwa na wasaidizi kichwa kisitikisike, naye anaona kisu kinakuja. Hata mwaka 1884 ndipo Carl Koller, daktari kijana wa Vienna, alipoonyesha kwamba matone ya kokeini yalifisha maumivu ya jicho kwa muda, na mgonjwa akabaki macho wazi bila kusikia kisu. Hata baada ya hapo mgonjwa alilazwa chali siku nyingi, kichwa kimewekewa mifuko ya mchanga huku na huku, maana kidonda hakikushonwa, na kukohoa tu kungeweza kulifungua jicho.

Lakini hebu tuangalie alichokipata mtu baada ya taabu hiyo yote, kwa kuwa hapa ndipo ilipo shina ya habari yetu. Lenzi imetolewa, nuru yaingia, lakini hakuna kitu cha kuikusanya. Mtu huona mwanga na rangi, lakini nyuso za watu hazina ukingo, nazo herufi ni ukungu. Ilimbidi avae miwani minene kama kitako cha chupa. Miwani hiyo ilivikuza vitu vyote kwa zaidi ya robo, kikombe kikaonekana kikubwa na karibu kuliko kilivyo, na mkono ukakamata hewa. Mihimili ya mlango ilijipinda. Kando ya macho palikuwa na mahali pasipoonekana kitu, na mtu akaruka ghafula mbele yake kama aliyetoka ardhini. Na kama jicho moja lilipasuliwa na la pili bado lina nuru yake, sura mbili hazikupatana kamwe, moja kubwa na moja ndogo. Mchoraji Claude Monet wa Ufaransa alipopasuliwa jicho la kuume mwaka 1923, alinung'unika sana juu ya miwani na juu ya rangi alizoziona, hata akatamani kuacha kazi. Alikuwa mtu mwenye daktari wake na miwani ya kubadili. Mzee wa kijijini ambaye miwani yake imeanguka juu ya jiwe alirudia upofu wake siku ile ile.

Ndiyo sababu matabibu wa zamani waliwaambia wagonjwa, Ngojeni kwanza, mtoto wa jicho hajakomaa. Maana mtu mwenye kuona nusu angepoteza zaidi kuliko kupata, akibadilishiwa nusu ile kwa miwani minene. Tena lenzi isiyokomaa haikutoka vizuri. Shauri hilo lilikuwa la busara kwa wakati wake. Limebaki vinywani mwa watu kama shauri la embe: acha iive. Siku hizi halifai tena, na tutaona sababu.

Wazo la kuweka lenzi nyingine mahali pa ile iliyotolewa si geni. Husimuliwa kwamba mwisho wa karne ya 18 tabibu Casaamata wa Dresden alijaribu kuweka kipande cha kioo ndani ya jicho, nacho kikazama chini mara moja. Baada yake matabibu walinyamaza kwa miaka 150. Mafundisho yao yote yaliwaambia kwamba kitu kigeni kikiingia jichoni sharti kitolewe upesi, ama jicho litaoza. Nani angethubutu kukiweka kwa makusudi?

Aliyethubutu alikuwa Harold Ridley, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1906. Wakati wa vita kuu ya pili alitumwa kama daktari wa jeshi katika Gold Coast, nchi iitwayo Ghana siku hizi, na huko alifika kijiji cha Funsi upande wa kaskazini, ambako watu wengi walikuwa wamepofuka kwa ugonjwa wa usubi, uletwao na inzi wadogo wa mitoni. Aliwapima watu wa Funsi kwa bidii, akaandika mwaka 1945 kitabu juu ya ugonjwa huo ambacho matabibu wa macho wamekitumia miaka mingi. Twaitaja habari hii kwa sababu wengi waisimuliapo lenzi husahau kwamba mtu huyu alikuwa amekwisha kukaa miongoni mwa vipofu wa Afrika kabla hajapata sifa yake ya London.

Vita vile vile vilimpa fundisho la pili. Ndege za kupigana za Uingereza zilikuwa na kifuniko cha plastiki iliyo wazi kama kioo, iitwayo Perspex, juu ya kichwa cha rubani. Risasi zilipokipiga, vibanzi viliwaingia marubani machoni. Mmoja wao, Gordon Cleaver, alipigwa mwezi wa Agosti mwaka 1940 karibu na mji wa Winchester. Kwa haraka ya kupanda ndegeni alikuwa amesahau miwani yake ya kukinga macho. Alijirusha kwa mwavuli hali haoni kitu. Alipasuliwa mara 18 usoni na machoni. Jicho la kuume lilikufa, la kushoto likaokoka likiwa na vibanzi ndani yake. Ridley alimwona Cleaver na marubani wengine, akangoja kuona macho yale yatakavyovimba. Hayakuvimba. Mwaka ukapita, na mwingine, vibanzi vikakaa mahali pake kimya, visiguswe na kutu wala usaha, isipokuwa pale vilipokuwa na ncha kali zenye kuchoma sehemu laini. Matabibu wengi waliwatibu marubani wa namna hii. Wote waliona jambo lile lile, nao walishukuru tu kwamba jicho limepona.

Husimuliwa kwamba mwaka 1948 mwanafunzi mmoja wa udaktari alisimama karibu na Ridley akimtazama anapomtoa mtoto wa jicho. Na kazi ilipokwisha kijana akasema, Ni hasara kwamba huwezi kuweka lenzi mpya mahali pa ile uliyoitoa. Ridley alikuwa amekwisha kulifikiri jambo hilo, lakini neno la kijana lilimsukuma. Ninyi walimu mjue kwamba maswali ya wanafunzi si kelele siku zote. Akamwendea John Pike wa kampuni ya Rayner, watengenezaji wa miwani, wakafanya mashauri ndani ya motokaa ili wasisikiwe. Wakachagua plastiki ile ile ya vifuniko vya ndege, ila iliyosafishwa zaidi, wakaichonga kwa umbo la lenzi ya mwili, upana wake zaidi kidogo ya milimita 8. Ridley hakudai faida yo yote kwa kila lenzi itakayouzwa.

Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' iliyo ukingoni mwa mto Thames huko London, alimpasua mwanamke wa miaka 45, akamtoa mtoto wa jicho, akaijaribu lenzi mpya mahali pake. Lakini hakuiacha. Alingoja jicho litulie, na tarehe 8 Februari 1950 akaiweka ikae daima. Jicho liliipokea. Ila mama yule, alipofunguliwa, alikuwa na macho ya karibu kupita kiasi, aweza kuona kilicho mbele ya pua yake na si zaidi. Walikuwa wameiga umbo la lenzi ya mwili, lakini plastiki huipinda nuru kwa nguvu kuliko lenzi ya mwili. Wakarekebisha vipimo, na wagonjwa waliofuata waliona vizuri.

Ridley alificha kazi yake karibu miaka 2, ili apate kuwa na wagonjwa wa kutosha wa kuwaonyesha watu. Siri ilitoka kwa njia ya kuchekesha. Mgonjwa wake mmoja alikwenda kupimwa, akakosea mlango, akaingia kwa daktari mwingine wa macho aliyeitwa Ridley pia, Frederick Ridley. Naye alipomtazama jichoni akaona kitu ambacho hakijapata kuonekana. Basi mwezi wa Julai mwaka 1951 Harold Ridley alikwenda mbele ya mkutano wa matabibu wa macho huko Oxford, pamoja na wagonjwa wake. Alitazamia furaha. Sir Stewart Duke-Elder, aliyekuwa mkubwa wa matabibu wa macho wa Uingereza na mwandishi wa vitabu vyao, alikataa hata kuwatazama wagonjwa. Mwaka uliofuata alikwenda Chicago, na huko pia wakubwa wa Marekani walimpinga vikali.

Tusiwahukumu wapinzani wale upesi. Hawakuwa wajinga, wala wote hawakuwa na wivu. Lenzi za kwanza zilikuwa nzito, na nyingine zilianguka zikazama nyuma ya jicho kama kioo cha Casaamata. Dawa iliyotumika kuzisafisha ilibaki juu yake, ikawasha jicho. Wagonjwa wengine walipatwa na ugonjwa wa jicho kujaa shinikizo, ambao nao hupofusha. Daktari aliyewaona hao alikuwa na haki ya kuuliza kama haikuwa afadhali ile miwani minene. Tunalolilaumu sisi ni kwamba wengine walihukumu kabla ya kutazama. Kuyakataa macho yaliyoletwa mbele yako, na wewe ni tabibu wa macho, ni kosa la namna nyingine.

Miaka 25 iliyofuata ilikuwa miaka ya kutangatanga. Wengine waliogopa lenzi isizame, wakaiweka mbele ya pazia la rangi lililozunguka mboni badala ya nyuma. Baron wa Ufaransa alianza mwaka 1952, Strampelli wa Italia akamfuata mwaka 1953. Lenzi zile hazikuzama, lakini zilikisugua kioo cha mbele cha jicho taratibu, na baada ya miaka kikageuka cheupe. Nyingi zikatolewa tena kwa majuto. Binkhorst wa Uholanzi akabuni lenzi yenye vishikizo vya kubana pazia lenyewe. Edward Epstein wa Afrika ya Kusini alikuwa miongoni mwa wachache walioshika njia hii wakati ilipokuwa ya kuaibisha. Huko Urusi Svyatoslav Fyodorov aliweka lenzi yake ya kwanza mwaka 1960. Mwisho wake watu wakarudi mahali pale pale alipoanzia Ridley, nyuma ya pazia: John Pearce wa Uingereza mwaka 1975, na Steven Shearing wa Marekani mwaka 1977, aliyeipa lenzi mikono miwili myembamba yenye kujikunja, ili ijishikilie yenyewe.

Lakini sasa mambo matatu yalikuwa yamebadilika. Matabibu walipasua wakitazama kwa hadubini, na nyuzi zao zilikuwa nyembamba kuliko unywele. Charles Kelman wa New York, aliyepata wazo lake alipokuwa amekaa katika kiti cha daktari wa meno, alionyesha mwaka 1967 jinsi ya kuivunja lenzi mbovu kwa mtetemo wa haraka usiosikika na sikio, kisha kuifyonza kwa tundu dogo, na mfuko wake ukabaki. Tena palipatikana ute mzito na safi wa kujaza jicho wakati wa kazi, usiache vyombo viguse kioo cha mbele. Mtaalamu Endre Balazs aliusafisha ute huo kutoka katika ile nyama nyekundu iliyo juu ya kichwa cha jogoo. Jogoo aliyemliza Petro amekuwa msaada kwa vipofu.

Mwaka 1987 Gordon Cleaver, rubani yule, alikuwa mzee, na jicho lake moja lililosalia lilikuwa na mtoto wa jicho. Daktari alimwekea lenzi ya plastiki, naye akaona. Ridley mwenyewe aliwekewa lenzi katika macho yake yote mawili, katika hospitali ile ile ya St Thomas', karibu na mwaka 1990. Malkia alimpa heshima ya Sir mwaka 2000, miaka 50 baada ya kazi yake ya kwanza, na mwaka 2001 akafa. Miaka 50 ni yubilei kamili. Wengi hawaishi kuiona yao.

Hata hivyo lenzi ilikuwa mali ya matajiri. Katika miaka ya 1980 moja ilikuwa na bei ya zaidi ya dola 100, na katika hospitali nyingi za Afrika na Asia maskini aliendelea kutolewa lenzi na kupewa miwani minene. Waliovunja ukuta huo hawakuwa wa Ulaya tu. Huko Madurai, kusini ya India, Daktari Govindappa Venkataswamy alikuwa na vidole vilivyopindwa na ugonjwa wa viungo tangu ujana wake, hata alijifunza upya kushika kisu. Alipostaafu mwaka 1976 alifungua hospitali ya vitanda 11, akaweka kanuni kwamba wenye uwezo walipe na wasio na uwezo watibiwe bure kwa kazi ile ile. Mwaka 1992 wenzake walianza kutengeneza lenzi wenyewe, na bei ikashuka karibu na dola 10. Fred Hollows, mzaliwa wa New Zealand aliyefanya kazi Australia, alifika Eritrea wakati wa vita, akaona matabibu wakipasua katika mahandaki, akaazimia kwamba lenzi zitengenezwe huko huko. Alikufa mwaka 1993. Viwanda alivyovikusudia vilifunguliwa Asmara na Kathmandu baada yake. Sanduk Ruit wa Nepal, rafiki yake, na wengine wakaeneza namna ya kupasua isiyohitaji mashine ya thamani wala kushona: mlango mdogo uliokatwa kwa mshazari, unaojifunga wenyewe.

Katika nchi zetu kazi hii imepita sana katika hospitali za misioni na za makanisa, za Wakatoliki na za ndugu zetu waliotengana nasi. Wenye kukumbuka wanaitaja Mvumi karibu na Dodoma, hospitali ya Waanglikana, na KCMC ya Moshi iliyofunguliwa mwaka 1971, na Kikuyu ya Wapresbiteri huko Kenya. Katika miaka ya 1970 na 1980 kazi yao kwa sehemu kubwa ilikuwa ile ya miwani minene. Kwa hiyo mzee akikuambia kwamba shangazi yake alipasuliwa na bado alijikwaa mlangoni, asema kweli; lakini asema habari za siku zile.

Tueleze basi mambo yalivyo sasa, ili mwalimu apate neno la kujibu. Mgonjwa hutiwa ganzi jichoni tu. Jicho halitolewi mahali pake. Neno hili lasikika kila mahali, kwamba madaktari hulichomoa jicho, hulilaza juu ya shavu, hulisafisha na kulirudisha. Ni uongo, na limewaweka watu wengi gizani. Daktari hukata mlango wa milimita chache, hufungua mbele ya ule mfuko mwembamba, hutoa lenzi iliyochafuka, na ndani ya mfuko huo huo huweka lenzi mpya. Kabla ya hapo urefu wa jicho umepimwa, ili lenzi iwe ya nguvu ipasayo; kosa la mwaka 1950 halirudiwi. Mkono uliozoea humaliza kwa robo saa au nusu saa, na kesho yake kitambaa huondolewa. Wengi huhitaji miwani myepesi ya kusomea, kwa kuwa lenzi ya plastiki haijikazi kama ile ya ujana. Hakuna haja ya kungoja akomae. Wakati wa kwenda ni pale mtu anaposhindwa kazi yake, mama akishindwa kuchambua mchele, katekista akishindwa kusoma Injili. Anayengoja mno hujiletea hasara, maana mtoto wa jicho aliyekomaa kupita kiasi ni mgumu kutolewa, na mara nyingine hulivimbisha jicho likaharibika.

Na kwa watoto kungoja ni hatari kubwa zaidi. Mtoto mchanga ambaye mboni yake ni nyeupe apelekwe mara moja, kwa kuwa ubongo wake unajifunza kuona katika miezi ile ya kwanza, na nuru ikichelewa haujifunzi tena vizuri.

Jambo moja limebaki, nalo huwapotosha wengi. Baada ya miezi au miaka, mtu aliyeona vizuri hurudi kuona ukungu, na majirani husema, Mliona? Ugonjwa umerudi. Haurudi, kwa sababu plastiki haishikwi na mtoto wa jicho. Ni ule mfuko wa asili, ulioachwa nyuma kuishika lenzi, ambao umeota utando. Hospitali zenye mashine ya mwanga mkali huutoboa kwa dakika chache, bila kisu, mgonjwa amekaa kitini, naye hurudi nyumbani siku ile ile.